Barua ya Siri Baada ya Kutumwa: Alama Inazoacha Njiani na Namna ya Kuzisoma

Makatibu wa parokia, walezi wa miito na mafrateri walio katika mwaka wa kichungaji hutuuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: nikituma taarifa ya siri kwa simu au kwa barua pepe, nitajuaje kwamba imefika, ni nani ameifungua, na kama haijatoka nje ya mikono niliyoikusudia? Ni swali zito, maana linagusa jina la mtu. Taarifa ya mlelewa anayeombewa daraja, malalamiko ya muumini dhidi ya mhudumu, majibu ya mashahidi katika shauri la ndoa, hayo yote siku hizi husafiri kama faili. Faili likivuja, kuna mtu anaumia. Lakini pia likidhaniwa limevuja, kuna mtu mwingine anaumia, yaani yule anayetuhumiwa kulivujisha. Habari za huyu wa pili hazizungumzwi sana, na kwa sababu hiyo tutakaa naye zaidi katika somo hili.

Kufunga ni jambo moja, kufuatilia ni jingine

Kabla ya kompyuta, kila ofisi yenye utaratibu ilikuwa na dispachi. Mhudumu alibeba barua pamoja na daftari. Mpokeaji aliandika jina, tarehe na sahihi, na daftari likarudi kwa aliyetuma. Barua yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha, na kama ni ya siri sana, ilipigwa lakiri. Tazama kazi mbili hapa. Lakiri ililinda maneno, lakini haikumwambia mtumaji kama barua imefika. Dispachi ilionyesha safari, lakini haikumzuia mtu mwenye tamaa kuichungulia barua njiani. Aliyekuwa makini alitumia vyote viwili.

Kanisa lina historia ndefu katika kazi zote mbili. Kanselia ya Kipapa iliandika katika madaftari barua zilizotoka, na mfululizo wa madaftari hayo uliohifadhiwa Vatikano unaanzia wakati wa Papa Inosenti III, mwaka 1198. Na Leon Battista Alberti, aliyewahi kuitumikia Kanselia hiyo, aliandika mnamo mwaka 1467 kitabu juu ya maandishi ya mafumbo, akieleza kifaa cha visahani viwili vinavyozungushwa ili herufi moja ibadilike kuwa nyingine. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mambo haya ni ya wageni wa dunia ya jana.

Lakiri ya leo inaitwa usimbaji fiche. Tangu Aprili 2016, ujumbe wote wa WhatsApp hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Kampuni iliyo katikati hubeba kifurushi isichoweza kukisoma. Hayo ni mema. Lakini bahasha haifichwi. Nani amemwandikia nani, lini, mara ngapi, akiwa kwenye mtandao upi: habari hizi zinahitajika ili ujumbe ufike, na anayeubeba anaweza kuziona. Wataalamu huziita metadata. Sisi tutaziita maelezo ya bahasha.

Huduma zinatofautiana sana katika kiasi cha maelezo ya bahasha zinachokihifadhi. Mwaka 2016 wachunguzi wa Marekani, kupitia baraza la mashtaka huko Virginia, waliitaka Signal itoe kila ilichokuwa nacho juu ya mtumiaji wake. Vilipatikana vitu viwili tu: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho iliyounganishwa na mtandao. Hawakuficha chochote, hawakuwa wameweka kingine. Barua pepe iko upande wa pili kabisa. Hata ukiifunga kwa PGP, programu aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991, kwa kawaida kinachofungwa ni mwili wa barua, na mstari wa kichwa cha habari unabaki wazi. Katibu anayeandika «Yah: Tuhuma dhidi ya Fulani» kisha akaufunga mwili wa barua kwa ustadi mkubwa, ameshamaliza kusema yote mlangoni.

Tiki za bluu na picha isiyoonekana

Alama tunayoijua wote ni tiki. Tiki moja ya kijivu ina maana ujumbe umetoka kwako. Mbili za kijivu, umefika kwenye kifaa cha mpokeaji. Mbili za bluu, ambazo zilianza Novemba 2014, mazungumzo yamefunguliwa. Tumesema mazungumzo yamefunguliwa, hatukusema mpokeaji amesoma. Simu inaweza kuwa mkononi mwa mtoto anayetafuta katuni. Akaunti moja ya WhatsApp inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, na kimojawapo huenda ni kompyuta ya ofisini inayotumiwa na kila mwenye kuchapa tangazo la Jumapili. Kinyume chake pia ni kweli: kukosekana kwa bluu hakuthibitishi kwamba mtu hajasoma. Anaweza kuwa ameizima alama hiyo katika mipangilio, au amesoma mistari ya kwanza ikipita juu ya kioo bila kufungua kitu. Katika makundi, kuizima hakusaidii, na bluu haitokei mpaka kila mwanakikundi awe amefungua. Ukibonyeza ujumbe wako kwa muda na kuchagua maelezo yake, utaona nani tayari na nani bado. Wanakwaya wengi wamenuniana kwa ajili ya orodha hiyo, na tunadhani ni bure.

Katika barua pepe kuna mbinu ya ndani zaidi. Mtumaji huweka picha ya nukta moja isiyoonekana kwa macho. Picha haimo ndani ya barua. Iko kwenye seva ya mtumaji. Unapofungua barua, kifaa chako huenda kuichukua, na seva huandika: imefunguliwa saa fulani, kutoka mahali fulani. Mpokeaji hajui lolote. Watu wa matangazo wameitumia kwa miaka mingi, na wapo wanaotushauri tuitumie katika barua za jimbo.

Hatushauri hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, haisemi kweli. Tangu Desemba 2013 Gmail huzichukua picha hizo kupitia seva zake yenyewe, hivyo mahali alipo msomaji hapaonekani tena. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple, kwa aliyeiruhusu, huzipakua mapema hata kama mwenye simu hajaigusa barua. Mtumaji anasoma «imefunguliwa saa 5 usiku», na kumbe mpokeaji alikuwa amelala fofofo. Aliyefungua ni mashine. Sababu ya pili ni ya heshima. Barua inayoanza na «Mpendwa Padre» na wakati huo huo inamchunguza Padre bila kumwambia, ina ndimi mbili.

Kiungo badala ya kiambatisho

Njia iliyo bora kuliko kuambatisha faili ni kuliweka mahali pamoja na kumpa kila mhusika ruhusa kwa jina lake. Faida ni mbili: unaweza kuifuta ruhusa baadaye, na mfumo mzuri wa kiofisi huandika nani aliingia na lini. Ila watu wengi, kwa haraka, huchagua ruhusa ya «yeyote mwenye kiungo». Hapo umeuacha mlango bila kufuli ukitumaini kwamba hakuna anayejua njia ya kwako. Wanaofungua waraka wa Google kwa namna hiyo bila kujitambulisha huonyeshwa kwa majina ya wanyama wasiojulikana. Chansela anayetaka kujua nani alisoma waraka wa siri ataambiwa ni mnyama fulani. Tena akaunti za kawaida za binafsi za Google hazitoi orodha ya waliotazama faili, kwa hiyo ofisi inayohifadhi nyaraka nyeti kwenye akaunti ya binafsi ya katibu haina dispachi yoyote.

Na kufuta ruhusa hakurudishi nakala iliyokwisha kupakuliwa wala picha iliyopigwa kwenye kioo. Ufuatiliaji unafika mpaka kizingitini. Ndani ya chumba cha msomaji haujui kitu.

Faili lenyewe husema

Zipo alama ambazo faili hubeba tumboni mwake. Hapa tuna kisa cha kweli kilichotokea Wichita, katika jimbo la Kansas, Marekani. Dennis Rader aliua watu kumi kati ya mwaka 1974 na 1991, akiwaandikia polisi na vyombo vya habari kwa majigambo bila kukamatwa. Baadaye, alipoanza tena kuwaandikia, aliwauliza polisi kama diski ya kompyuta inaweza kumfichua. Polisi wakamjibu kupitia tangazo la gazeti kwamba hakuna shida. Februari 2005 akatuma diski. Ndani yake mafundi walikuta mabaki ya waraka uliofutwa, nao ulikuwa na maelezo mawili: jina la kanisa la Kilutheri, Christ Lutheran Church, na kwamba wa mwisho kuugusa alikuwa «Dennis». Rader alikuwa kiongozi wa baraza la washarika hapo, na alikuwa ametumia kompyuta ya kanisa.

Tunapenda wasomaji waone kilichofuata, kwa sababu wasimuliaji wengi hukiruka. Polisi hawakumkamata mtu kwa sababu jina lake la kwanza limo ndani ya faili. Kina Dennis ni wengi, na kompyuta ya kanisa hutumiwa na wengi. Walitafuta ushahidi wa aina nyingine, wakalinganisha vinasaba vya mwuaji na sampuli ya kitabibu ya binti yake, ndipo wakamkamata tarehe 25 Februari 2005. Alama ya faili iliwaonyesha pa kutazama, nao wakaenda kutazama.

Kwetu sisi fundisho la karibu ni hili: waraka wa Word hubeba jina la mwenye kompyuta, tarehe, na mara nyingine masahihisho yaliyofutwa, picha ya simu huweza kubeba mahali ilipopigwa. Anayetuma malalamiko ya mtu aliyeomba jina lake lisitajwe, kisha akatuma faili lenye jina la mtu huyo kama mwandishi, amemtaja.

Majina sita

Sasa tufike kwenye kumbukumbu za mfumo, yaani ile dispachi ambayo kompyuta hujiandikia yenyewe kila mtu anapoingia, anapofungua, anapochapa. Kisa kinachofundisha vizuri ni cha Reality Winner. Mwaka 2017 alikuwa mfanyakazi wa kampuni iliyohudumia shirika la usalama la Marekani, NSA, huko Augusta, Georgia. Waraka wa siri wa shirika hilo, uliohusu majaribio ya Warusi ya kuingilia mifumo ya uchaguzi, ulifika kwa chombo cha habari The Intercept. Wahariri walipowaonyesha maofisa nakala ili kuithibitisha, maofisa waliona ina mikunjo, wakatambua kwamba ilichapwa na kubebwa kwa mkono. Wakaenda kwenye kumbukumbu za mfumo na kuuliza: nani amewahi kuuchapa waraka huu? Wakapata majina sita.

Wakachunguza kompyuta za watu hao sita. Mmoja tu, Winner, alikuwa amewasiliana kwa barua pepe na chombo hicho. Tarehe 3 Juni 2017 walimhoji nyumbani kwake, akakiri kwamba aliuchapa na kuutuma kwa posta ya kawaida. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miezi 63. Isitoshe, nakala iliyochapishwa hadharani ilikuwa na vinukta vya njano visivyoonekana kwa urahisi, ambavyo printa nyingi za rangi huviweka, vikionyesha tarehe 9 Mei 2017. Aliikwepa intaneti kabisa, na bado njia yake ilionekana.

Hatutaki kujadili hapa kama Winner alitenda vema au vibaya; Wamarekani wenyewe hawajaafikiana. Tunataka kuwatazama wale watano wengine. Nao waliuchapa waraka ule ule. Majina yao yalikuwa katika orodha ile ile. Kama mkubwa wao angekuwa mtu wa kukata maneno haraka, au kama mmoja wao angekuwa na ugomvi wa zamani na mkubwa huyo, ingekuwaje? Jambo jingine: ile barua pepe iliyomtofautisha Winner haikuhusu waraka huo hata kidogo. Alikuwa ameomba nakala ya maandishi ya kipindi chao cha sauti. Basi ingeweza kutokea kwamba msikilizaji wa kipindi kile ni mmoja wa wale watano, na aliyetuma waraka ni mwingine. Kilichofunga shauri ni kukiri kwake. Alama zilikuwa zimepunguza watu kutoka wengi hadi sita, na kutoka sita hadi mmoja wa kuulizwa kwanza.

Anayedhani tunatia chumvi asome habari za posta ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 vituo vidogo vya posta viliwekewa mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mfumo ukaonyesha upungufu wa fedha, na kwa kuwa kumbukumbu zilikuwa chini ya jina la msimamizi wa kituo, msimamizi akaitwa mwizi. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Baadhi walifungwa, wengine walifilisika, wapo waliojiua. Shirika lilishikilia kwamba hakuna awezaye kugusa hesabu za kituo kutoka mbali. Desemba 2019 Mahakama Kuu huko London ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu wa uongo, na kwamba watumishi wa Fujitsu, kampuni iliyoutengeneza, waliweza kuingiza miamala kutoka mbali. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Miaka mingi mashine iliaminiwa, na watu waliosema «si mimi» hawakuaminiwa.

Funguo za hifadhi

Sheria za Kanisa ziliandikwa kwa ajili ya makabati, lakini akili yake inatufaa. Kanuni ya 487 inataka hifadhi ya nyaraka ya kurya ifungwe, na ufunguo uwe kwa Askofu na Chansela tu. Kanuni ya 490 inaweka ufunguo wa hifadhi ya siri mkononi mwa Askofu peke yake. Kanuni ya 488 hairuhusu waraka kutolewa hifadhini isipokuwa kwa muda mfupi na kwa idhini. Tukiuliza leo nani ana ufunguo wa hifadhi ya siri iliyo kwenye kompyuta, jibu la kweli katika ofisi nyingi ni: fundi aliyeiweka. Yeye ndiye mwenye akaunti kuu. Anaweza kufungua kila kitu, na mara nyingine anaweza kufuta hata kumbukumbu zinazoonyesha kwamba amefungua. Si kwamba mafundi ni watu wabaya. Lakini ofisi isiyojua kwamba fundi ana ufunguo, siku ya kuvuja itamtazama katibu.

Kanuni ya 220 ndiyo ya kushika mizani: si halali kuharibu isivyo haki sifa njema ya mtu, wala kuvunja haki ya mtu ya kulinda mambo yake ya ndani. Kanuni hiyo inamlinda aliyeandikwa ndani ya faili. Inamlinda vile vile aliyelifungua. Na Kanisa halilindi siri kwa ajili ya siri tu. Maagizo ya mwaka 1974 yaitwayo «Secreta continere» yalipanga kile kiitwacho siri ya kipapa. Tarehe 17 Desemba 2019 Papa Fransisko aliiondoa katika mashauri ya unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya watoto, huku akiagiza kwamba habari za mashauri hayo bado zitunzwe kwa usalama, ukamilifu na usiri ili kulinda jina na faragha ya wahusika wote. Maana yake, ofisi haiwezi kujificha nyuma ya siri ili isijibu, na haiwezi pia kuziachia nyaraka zizagae.

Serikali nazo zimeamka. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, na Tanzania mwaka 2022, sheria yake ikianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Watu wengi hawatambui kwamba orodha ya nani alifungua faili lini nayo ni taarifa binafsi. Haipaswi kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la halmashauri kama mzaha.

Katika ofisi ya kawaida

Tukiacha visa vya Marekani na Uingereza, kwetu faili la siri huvujia wapi? Kwa tulivyoona, mara chache ni kwa wadukuzi. Huvujia steshenari. Ofisi haina wino, barua inatakiwa saa hiyo hiyo, kijana anatumwa achape. Faili linatumwa kwenye namba ya WhatsApp ya steshenari au linafunguliwa kwenye kompyuta yao, linachapwa, kijana anarudi na karatasi ndani ya bahasha ya kaki, na faili linabaki pale pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya mtaa mzima. Usimbaji fiche wote uliotumika njiani umeishia hapo, na hakuna kumbukumbu itakayoonyesha ni nani alilisoma jioni yake. Parokia isiyoweza kununua kingine chochote, inunue wino.

Kwa taarifa nyeti tunapendekeza utaratibu usio na ufundi mwingi. Faili lifungwe kwa neno la siri, litumwe kwa njia moja, na neno la siri lisemwe kwa sauti kwa simu. Likitumwa kwenye ujumbe ule ule, ni kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa. Mpokeaji aombwe kujibu kwa maneno yake: nimelipokea, lina kurasa saba, nimelifungua mwenyewe. Sentensi hiyo ina uzito kuliko tiki yoyote, kwa maana hapo kuna mtu aliyejifunga kwa neno lake. Katibu aandike kwenye daftari, la karatasi kabisa, tarehe, saa, njia, na jibu. Kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti moja inayotumiwa na watatu haina maana ya ufuatiliaji, maana jina litakaloandikwa ni la wote na si la yeyote. Ikibidi kumpa kila mjumbe nakala yenye namba yake, waambiwe wazi kwamba nakala zina namba.

Na iamuliwe mapema, kabla ya tatizo, nani ataruhusiwa kuzisoma kumbukumbu za mfumo. Tunapendelea wawe wawili, wasio na shauri na mtu, na wazitunze kwa muda uliopangwa kisha zifutwe. Mkubwa anayeingia kila asubuhi kutazama nani alifungua nini saa ngapi, haendeshi ofisi, anavizia.

Saa nazo zisomwe kwa uangalifu. Mifumo mingi huandika kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kumbukumbu ikisema 20:40, harakaharaka tutasema saa mbili na dakika arobaini usiku. Kwa hesabu ya hapa kwetu huenda ilikuwa 23:40, yaani saa tano na dakika arobaini. Mtu aliyekuwa kwenye masifu ya jioni na jumuiya nzima ikimwona, anaweza kuonekana mwongo kwa sababu ya saa tatu hizo.

Kwa majadiliano ya darasani tunawaachia kisa cha kubuni. Taarifa ya tathmini ya frateri mmoja ilitumwa kwa kiungo kwa majaalimu wanne, kila mmoja kwa jina lake. Baada ya siku tatu frateri huyo anajua yaliyoandikwa, neno kwa neno. Kumbukumbu zinaonyesha majaalimu wawili walifungua mara moja, wa tatu mara tano, na wa nne hakufungua kabisa. Wa tatu alifungua mara ya mwisho 18:15. Kompyuta ya chumba cha majaalimu huachwa wazi. Gambera ameitisha kikao kesho asubuhi. Andikeni maswali ambayo Gambera anapaswa kuuliza, kwa mpangilio, na mseme lipi kati ya hayo linaweza kujibiwa na kompyuta, na lipi haliwezi kujibiwa nayo. Msimsahau yule wa nne.